Jibu: Samatta alichemka Aston Villa au alionewa?

Mkuu umeuliza iweje straika wetu Mbwana Samatta awike vile Genk ya Ubelgiji halafu Aston Villa ya England wamwache baada ya miezi michache tu. Mi naona alifika kipindi kibaya. Januari 2020 Villa walimnunua kwa haraka sababu straika wao Wesley alikuwa ameumia goti, timu iko inapigania isishuke daraja, mipira inamfikia straika kwa bahati, wakati kule Genk alikuwa analishwa na kina Trossard na Malinovskyi, msimu wa 2018/19 wakabeba na ubingwa wa Ubelgiji. Samatta ni mtu wa boksi, mpelekee krosi uone, Liverpool aliwatungua Anfield kwa kichwa kwenye Champions League.

Na hata Villa mechi ya kwanza ya ligi na Bournemouth alitupia, kisha Machi 1 Wembley fainali ya Carabao (Kombe la Ligi la England) na Man City akapiga kichwa nyavuni, Villa wakalala 2-1 ila goli lile hatulisahau. Siku chache mbele corona ikasimamisha ligi, kurudi Juni moto umeshazimika. Goli moja kwenye ligi ni kidogo, hapo simtetei.

Villa wakamleta straika mwingine, Watkins, Samatta akaenda Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Wanaosema kaisha waangalie PAOK, 2024 kachukua ubingwa wa Ugiriki, na kumbuka katoka Mbagala akapitia Simba na TP Mazembe ya Congo, hakuna akademi ya Ulaya iliyomlea.