Madogo wa uthamini wa ardhi, rutuba haijapandisha bei peke yake

Nimepitia ripoti za madogo walioko fildi, naona tena "bei imepanda kwa sababu ardhi ina rutuba". Jamani! Udongo wa Njombe ulikuwa na rutuba hiyohiyo enzi za babu zenu na hakuna aliyekuwa anagombania ekari. Kilichobadilika ni parachichi.

1. Uliza nani ananunua. Mkulima wa pale analipa kwa hesabu ya mavuno, mtu wa Dar analipa kwa matumaini, na tangu tusaini na China kupeleka parachichi kwao, Novemba 2022, matumaini yamezidi, mtu ananunua kwa simu shamba hajalikanyaga na wala hana mpango wa kupanda mche, anasubiri bei tu.

2. Mauzo ya kulinganisha. Hapa ndo niliumia. Nikiwa mgeni kama nyie nilipewa nithamini shamba la dhamana ya mkopo, nikakuta la jirani limeuzwa juzi tu, mkataba upo, mhuri wa kijiji upo, nikabeba ile bei ya ekari nikazidisha, ripoti ikatoka fasta, najiona mjanja. Kumbe mnunuzi alikuwa anakusanya mashamba yaungane, kashachukua ya kulia na kushoto, limebaki hilo la jirani, la mzee mmoja, katikati lenye njia ya kwenda mtoni, mzee kashtuka, kagoma mpaka kalipwa mara tatu. Tena lina parachichi za Hass zimeshaanza kuzaa! Yaani nilichukua bei ya njia, maji, miti na ubishi wa mzee nikaivalisha ekari tupu za mteja. Mkopo ukatoka, jamaa akashindwa kulipa, mnadani bei ya juu kabisa haikufika nusu ya namba yangu. Bosi aliniwekea ripoti mezani akasema isome kwa sauti, ofisi nzima ipo. Nikasoma. Mwenyekiti wa kijiji angenieleza yote kwa soda moja.

3. Thamini miti peke yake, ardhi peke yake.

4. Makambako lami na reli ya TAZARA zinakutana, kwa hiyo ukiona vigingi vya mpima katikati ya mahindi ujue hiyo ni bei ya viwanja, usiipeleke kijiji cha ndani huko.

5. Karatasi. Shamba lenye hati linapanda bei bila kuguswa na jembe, benki wanalipokea. Na bei ya dalali ni ya kuanzia stori tu.

Anayekwenda Wang'ing'ombe Jumatatu apite kwangu achukue namba ya mtendaji, na asivae raba nyeupe.