Draiva nje ya kerneli: majibu kwa wanaoandika maikrokerneli (kiini kidogo cha mfumo endeshi, ambacho draiva, yaani programu za kuendesha vifaa, hukaa nje yake na kuongea kwa ujumbe)

Naandika kwa C. Kuna ubaya kutumia int na long kwenye ujumbe kati ya programu?

Upo, hasa kwa long. Kwenye Linux ya biti 64 ina baiti 8, kwenye Windows ya biti 64 ina baiti 4. Tumia aina za stdint.h zilizokuja na C99, kama uint32_t, na kwa anwani uintptr_t.

Linaloniumiza roho zaidi ni urefu wa data kuwekwa kwenye int. Mtumaji anakuletea urefu wa -1. Unakagua kama umezidi 4096, haujazidi, unapita. Ukifika kwenye memcpy, kazi ya C ya kunakili data, unageuka size_t, aina isiyo na hasi, na -1 inakuwa namba kubwa kuliko zote. Urefu usiwe na alama ya hasi, na ukaguliwe upande wa mpokeaji, kila mara.

Draiva yangu iko nje ya kerneli. Nitairuhusuje iguse kadi ya mtandao tu?

Kwenye prosesa za x86, TSS (jedwali ambalo prosesa husoma kwenye kumbukumbu) inabeba ramani ya poti 65,536, yaani namba za kuongea na vifaa, biti moja kwa kila poti. Biti ikiwa 0, poti iko wazi. Fungua zile za kadi tu. Usikimbilie kuweka IOPL 3, kiwango cha ruhusa ya poti kwenye prosesa: inafungua poti zote na kuiachia draiva uwezo wa kuzima interapti, ishara zinazokatiza kazi ya prosesa.

Rejista za kifaa (sehemu zake za kupokea amri na kutoa hali) zilizo kwenye anwani za kumbukumbu hugawiwa kwa ukurasa, kwa kawaida baiti 4,096. Vifaa viwili vikikaa ukurasa mmoja, aliyepewa kimoja amepewa vyote.

Basi hapo niko salama?

Bado, kama kadi inatumia DMA, njia ya kifaa kufikia kumbukumbu moja kwa moja. Yenyewe huandika kwenye kumbukumbu bila kupitia MMU ya prosesa, inayolinda kumbukumbu ya kila programu, kwa hiyo draiva iliyotekwa inaiandikia tu anwani ya kerneli na kadi inatii. Dawa ni IOMMU, kinga kama hiyo kwa upande wa vifaa: VT-d kwa Intel, AMD-Vi kwa AMD, SMMU kwa ARM. Hata uthibitisho wa kihisabati wa maikrokerneli ya seL4, uliokamilika 2009, ulichukulia kwamba DMA imezimwa au inaaminika. Bila IOMMU, ihesabu draiva ya DMA kuwa sehemu ya kerneli na uikague hivyo.

Rejista za kifaa zinahitaji volatile, neno la C la kuiambia kompaila kwamba thamani inaweza kubadilika yenyewe?

Ndiyo, la sivyo kompaila inaweza kufuta usomaji inaouona wa bure. Ila volatile si kufuli. Kati ya nyuzi mbili (kazi mbili za programu zinazokwenda pamoja) tumia atomiki, operesheni zisizokatizwa katikati.