Funga daftari kwanza

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: kwa nini mwanafunzi aliyesoma usiku kucha husahau yote akiketi kwenye mtihani, na afanye nini? Nafundisha biolojia katika sekondari moja hapa Mbeya, na kwa maoni yangu tatizo ni kwamba watoto wetu wanasoma sana lakini hawajizoezi kukumbuka.

Mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima zimebaki kiasi gani kadiri muda ulivyopita. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema sana, baadaye kasi ya kusahau hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa huzaa zaidi kuliko yaliyorundikwa kwa mkupuo mmoja. Anayekesha anajinyima pia usingizi, ambao ndio wakati ubongo unapoimarisha yale yaliyojifunzwa mchana.

Ila kurudia kwenyewe kuna namna zake. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliosoma andiko tena na tena na wale waliolisoma kisha wakaandika walichokumbuka bila kuliangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza; baada ya wiki moja waliachwa mbali. Hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa ukurasa uliouzoea hukufanya udhani unaujua.

Darasani huwaambia wanafunzi wafunge madaftari na kuandika njia ya damu kutoka mguuni hadi mapafuni. Wengi huanza vizuri, wakafika aurikali ya kulia, yaani chumba cha juu cha moyo upande huo, na kukwama, wakati dakika chache tu zilizopita walikuwa wakiutazama mchoro huohuo na kutikisa kichwa kwamba wameelewa. Huwaacha wahangaike kidogo kabla hawajafungua, maana kule kutafuta jibu kichwani ndiko kunakolikaza.

Kuna jambo lingine ambalo shuleni hatulisemi vya kutosha. Masomo yetu ya sekondari ni kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayekariri sentensi asiyoielewa yuko palepale alipokuwa Ebbinghaus na silabi zake. Aieleze kwanza kwa Kiswahili, hata kwa Kisafwa au Kinyakyusa akipenda, ndipo arudi kwenye maneno ya mtihani.

Mzazi naye ana nafasi yake, hata kama hajui biolojia: ashike daftari jioni, amuulize mtoto maswali, na asimwonyeshe jibu upesi. Somo la leo liulizwe leo, liulizwe tena keshokutwa, kisha wiki ijayo, na hata baada ya mwezi. Kila mara robo saa inatosha, hata katika baridi hii yetu ya Juni ambapo kila mtu anataka kuwahi blanketi.