Mbwa wangu hasikii, nifanyeje?

SWALI: Habari dokta, nina mtoto wa mbwa aina ya Dalmatian, wale weupe wa madoadoa, nikimwita hageuki, hata sufuria ikianguka nyuma yake yeye kalala tu. Jirani anasema nimuue eti mbwa kiziwi anakuwaga mkali. Ni kweli?

JIBU: Usimuue jamani! Huo ukali mara nyingi ni mshtuko tu, kaguswa ghafla akiwa usingizini. Ukitaka kumwamsha weka kiganja karibu na pua anuse kwanza, halafu mguse bega taratibu na umpe kipande cha nyama hapohapo, atazoea kwamba kuamshwa ni jambo zuri. Baadhi ya Dalmatian wanazaliwa hivyo, chembe za rangi zinakosekana ndani ya sikio, kwahiyo sio kosa lako. Mfundishe kwa mikono, dole gumba juu ni "safi", kiganja kikipanda ni "kaa", na nyumba nzima mtumie ishara zilezile maana watoto wakichanganya na yeye anavurugwa. Usiku mwite kwa tochi, washa zima ardhini mbele yake, sio machoni. Ila barabarani asitoke bila kamba hata siku moja, honi ya bodaboda haisikii kabisa.