Shingo ya fundi: kwa wanagenzi wa cherehani

Ukiingia kazini, hukosi kukutana na Ramadhani. Oda za kanzu na nguo za watoto zinapandana, na hakuna mteja atakayekubali sikukuu impite. Hapo ndipo shingo inapokaza, na kila mtu atakwambia ni kiti. Kiti kina lawama yake, lakini mimi naanza na taa.

Shingo hufuata jicho. Mtazame anayeshona baibui kwa uzi mweusi, ndani ya kiduka cha kichochoroni Mji Mkongwe ambako jua haliingii hata saa sita mchana: uso ushafika kwenye sindano. Hajakusudia, haoni tu. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na kadiri unavyokiinamisha ndivyo misuli ya kisogoni inavyofanya kazi zaidi kukizuia. Basi weka taa ndogo upande wa kushoto wa sindano, maana kulia cherehani lenyewe linaziba mwanga. Ukivuka miaka 40 na kutunga uzi kukawa vita, kapime macho. Mafundi wengi wanaona haya kuvaa miwani, sijui kwa nini.

Halafu meza. Tia kipande cha mbao chini ya kila mguu wa nyuma, ilale kidogo upande wako. Mwanzoni mkasi utateleza utukane, lakini kitambaa kitakuwa kinakutazama. Kiti cha plastiki kikiwa kifupi, mabega yanapanda masikioni, kalia mto.

Nyinyi wa kofia za mkono, mnaokaa mkekani na kofia mapajani wiki baada ya wiki, mna taabu kutushinda. Egemea ukuta, pakata mto mnene, viwiko vilale juu yake, kofia ipande usawa wa kifua.

Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ikiisha, usiibadilishe umekaa. Simama, zungusha mabega, tazama mbali barabarani, ndiyo urudi.

Kuchuliwa kwa mafuta ya karafuu kunatuliza, sikatai. Ila kinyozi akikushika kidevu akuvunje shingo, mkatalie. Na vidole vikifa ganzi, maumivu yakashuka mkononi, au mkasi ukawa unakuponyoka, hapo kuchua hakutoshi: nenda hospitali. Daktari asipokuuliza kazi yako, mwambie mwenyewe kuwa unashona, na kwa siku unainama saa ngapi.