Santuri za marehemu baba ziwe vyungu vya maua: joto kiasi gani, na kipandwe nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Marehemu baba alituachia makreti ya santuri. Nyingi zimekwaruzika, nyingine zimepinda kwa joto la darini. Nimeona watu wanazikunja kuwa vyungu vya maua, nikajaribu moja juu ya jiko la mkaa. Ilitoa moshi mkali, macho yakaniwasha na ukingo ukaungua. Joto linalotakiwa ni kiasi gani? Na je, nikipanda mchicha na dania humo, naweza kuwauzia majirani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mzee, na pole kwa macho.

Jiko la mkaa liache kabisa. Tumia maji yanayochemka. Na mchicha na dania visiguse santuri hizo, nitakueleza sababu.

Santuri nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 ni za plastiki ya jamii ya PVC, ndugu wa mabomba ya maji yaliyopo bafuni kwako. Plastiki hii huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hadi 70 hivi, na kwenye 90 inakunjika bila ubishi. Ikizidishiwa moto sana huanza kuvunjika yenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni kloraidi. Gesi hiyo ikikutana na majimaji ya macho na koo hugeuka asidi, na ndiyo iliyokuwasha. Mkaa hauna kipimo: upande mmoja wa santuri unaweza kuwa bado mgumu huku mwingine unaungua. Maji yana mpaka wake. Hapo Tanga mjini yanachemkia nyuzi 100, huko Lushoto 95 hivi, na hata uchochee kuni namna gani hayapiti hapo. Kwa hiyo santuri italainika lakini haitaungua.

Tafuta sufuria au karai pana kuliko santuri yenyewe. Ile kubwa ina kipenyo cha sentimita 30. Chombo hicho kisirudi tena jikoni kupikia. Maji yakichemka, izamishe kwa koleo. Ndani ya muda mfupi utaona inalegea. Itoe, uiweke juu ya bakuli lililofunikwa kifudifudi, tundu la katikati likae sawa na katikati ya kitako cha bakuli, kisha ushushe kingo kwa mikono yenye glavu nene. Fanya haraka, kwa maana inaanza kukakamaa mara tu inapotoka majini. Mikunjo itajitokeza yenyewe pembeni kama pindo la kanga, na kila santuri hutoka na umbo lake. Usipolipenda, irudishe majini: itajinyoosha karibu kuwa bapa tena, nawe uanze upya.

Kabla haijapoa, toboa matundu mengine matatu au manne kwa msumari karibu na katikati. Tundu lake la asili lina upana wa milimita 7 tu na udongo huliziba upesi. Usitoboe wala kukata ikiwa baridi na kavu, kwa sababu inapasuka na kutoa vumbi ambalo hutaki kulivuta. Zile ndogo za nyimbo mbili zenye tundu kubwa katikati zina shida ya kinyume, kwamba udongo unamwagika. Weka kipande cha wavu au nyuzi za makumbi ya nazi. Karatasi ya katikati yenye jina la wimbo itabanduka kwa maji usipoipaka vanishi.

Sasa mboga. PVC haivumilii joto la kiwandani bila kuchanganywa na dawa ya kuizuia isiungue, na kwa miongo mingi dawa hizo zilikuwa na madini ya risasi, wakati mwingine kadimiamu. Huwezi kujua kwa macho ni santuri ipi inazo. Sehemu kubwa ya madini hayo imefungwa ndani ya plastiki, lakini jua likichakaza uso wake, na udongo ukiwa na asidi ya mbolea, kidogo huweza kutoka. Risasi hujikusanya mwilini, na kwa watoto hudhuru ubongo hata ikiwa kidogo. Mimi nisingempa mtoto mchicha uliooteshwa humo, na sikushauri umuuzie jirani. Dania, mrehani na mchaichai navyo ni hivyo hivyo. Ukitaka lazima dania ikae kwenye pambo hilo, ipande kwenye kopo lake safi lenye matundu, kisha kopo ulitumbukize ndani ya santuri.

Kwa maua, kina utakachopata ni kama sentimita 7 au 8, kwa hiyo chagua mimea isiyo na mizizi mirefu: mshubiri mdogo, kalankoe, sansiveria changa. Asumini itateseka. Udongo uwe mwepesi. Changanya na makumbi yaliyosagwa, ambayo Tanga hayakosekani, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Udongo mzito ukilowa huvuta kingo chini, na hapo jua nalo linahusika. Kitu cheusi kikikaa juani mchana hukaribia joto lile lile linalolainisha santuri, kwa hiyo chungu kitafunguka taratibu na mizizi itaungua. Weka barazani, upande unaopata jua la asubuhi tu. Na kisahani cha chini ukimwage maji kila mara. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji machache namna hiyo, na mlipuko wa 2019 uliofika hadi kwenu Tanga bado tunaukumbuka.

Nina ombi pia. Kabla ya kuchemsha maji, pitia makreti yote, moja moja. Zilizoandikwa 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, zitenge. Ni nzito, na ukizigonga kwa ukucha hulia kama sahani ya udongo. Hizo si PVC. Ni utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Zitavunjika mikononi na hazitakufaa kwa vyungu. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, ni kwenye santuri za aina hiyo.

Zitenge pia za taarabu na dansi la kwetu, hata zikiwa zimekwaruzika. Tanga ndiyo nyumbani kwa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na nyimbo nyingi za zama zile kanda zake za awali hazijulikani zilipo. Santuri yenye mikwaruzo bado inaweza kuoshwa na kunakiliwa kwenye kompyuta, na iliyopinda kidogo mara nyingi inapigika. Mwombe mwenye gramafoni azisikilize kabla hujaamua. Za kukunja ni zilizopasuka ukingo, zilizoungua, na zile za ng'ambo zilizochapwa kwa malaki ambazo hazina mnunuzi. Nadhani katika makreti yako hizo za mwisho pekee zitakutosha kujaza baraza nzima.

Ukiuza, mwambie mnunuzi waziwazi: ni chungu cha maua, si cha mboga, na kisichomwe moto kikichakaa.