Maswali ya Wasomaji: Hesabu za Mtoano wa Afrika

Kila droo ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho inapopangwa, barua kutoka Dodoma na mikoa jirani huongezeka, na nyingi zinauliza kitu kimoja: nani anahitaji matokeo gani. Tumechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger Kwa Mkapa, ikaenda Algiers ikashinda 1-0. Jumla mbili kwa mbili, kombe likabaki Algeria bila hata penalti kupigwa. Kijiweni kwetu wapo wanaosema mpaka leo kwamba tulionewa, maana Ulaya mambo si hivyo. Mhariri, naomba utuamulie. (Dereva wa bodaboda, Kibaigwa)

Hamkuonewa. Ulaya na Afrika zinatumia kanuni tofauti. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliacha kuhesabu bao la ugenini (jumla ikilingana, anapita mwenye mabao mengi ya ugenini) kuanzia msimu wa 2021/22, na huko jumla ikilingana zinachezwa dakika 30 za nyongeza, kisha penalti. CAF, shirikisho la Afrika, yenyewe iliendelea na bao la ugenini. USM Alger ilikuwa na mabao mawili ya ugenini, Yanga ilikuwa na moja. Basi. Mwaka uliofuata fainali ya Shirikisho iliamuliwa vilevile: Berkane 2-1 Zamalek, kisha Zamalek 1-0 Berkane, na Zamalek ikabeba kombe. Aprili 2025 Mamelodi Sundowns ilitoka suluhu (0-0) na Al Ahly Pretoria, ikapata sare ya 1-1 Cairo kwa bao la dakika za mwisho, ikaingia fainali bila kushinda mechi hata moja kati ya hizo mbili.

Jambo la pili ambalo wengi hulisahau: kwenye robo na nusu fainali za CAF hakuna dakika 30 za nyongeza. Jumla ikilingana na mabao ya ugenini yakilingana, filimbi ya dakika 90 ikilia ni matuta, yaani penalti, moja kwa moja.

Sasa hesabu zenyewe, kwa timu iliyoanzia nyumbani. Ukishinda 1-0, ugenini sare yoyote inakuvusha. Ukifungwa 1-0 ni penalti, ukifungwa 2-0 umetoka, lakini ukifungwa 2-1 umepita, na hapo ndipo watu huzima redio mapema wakidhani mambo yameharibika. Ukitoka suluhu nyumbani, sare yoyote ya mabao kule inakupitisha, 0-0 nyingine ni penalti. Ukitoka 1-1, suluhu kule inakutoa wewe, 1-1 ni penalti, na kuanzia 2-2 unapita.

Matokeo yanayodanganya zaidi ni ushindi wa 2-1 nyumbani. Watu hushangilia, lakini kufungwa 1-0 tu kule kunatosha kukutoa. Ndiyo maana kocha anayejua mtoano, akiwa anaongoza 1-0 dakika ya 75, haoni aibu kumtoa winga na kuingiza kiungo mkabaji. Jukwaani watamzomea. Awaache wazomee.

Shikamoo mhariri. Nafundisha timu ya vijana ya kata, na bonanza letu lina mtoano. Mwaka huu tulibishana na waamuzi: nani anaruhusiwa kupiga penalti, na je, lazima orodha ya wapigaji iandikwe kwa mwamuzi? (Mwalimu wa michezo, Kongwa)

Marahaba mwalimu. Orodha si lazima. Sheria ya 10 ya soka inasema kila timu inachagua yenyewe mpangilio wa wapigaji na haiwajibiki kumjulisha mwamuzi. Anachoandika mwamuzi ni nani amepiga na matokeo yake.

Wanaoruhusiwa ni wale waliokuwa sehemu ya mchezo dakika ya mwisho ilipoisha, pamoja na aliyekuwa nje kwa muda, kwa mfano anatibiwa. Waliobadilishwa hawapigi, wala wa benchi. Timu yako ikiwa na 11 na wenzako wamebaki 10 kwa kadi nyekundu, nawe unapunguza mmoja. Hapa makocha wengi hubabaika: mtoe mpigaji wako dhaifu kuliko wote, kwa sababu penalti zikifika raundi ya kumi huyo ndiye angekuua. Idadi inalinganishwa hata kama kadi nyekundu imetoka katikati ya upigaji.

Mwamuzi anarusha shilingi mara mbili. Mara ya kwanza ni kuamua goli litakalotumika, isipokuwa kama goli moja lina hitilafu au hali ya usalama hairuhusu. Mara ya pili, nahodha anayeshinda anachagua kupiga kwanza au pili. Mwelekezeni nahodha wenu mapema. Si mara moja nahodha amebaki anatazama benchi huku akihesabiwa muda.

Kadi za njano za ndani ya mchezo hazihamishwi kwenye matuta. Mchezaji mwenye njano ya dakika ya 60 akipewa njano nyingine wakati wa penalti, hatolewi. Kipa lazima awe na sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari, usawa wake au nyuma yake, mpira unapopigwa. Akiwahi kutoka na akadaka, mkwaju unarudiwa, naye mara ya kwanza huonywa, akirudia hupewa njano. Kipa akiumia, anaweza kuchukua nafasi yake yule mchezaji aliyepunguzwa kulinganisha idadi, au wa akiba kama nafasi za mabadiliko hazijaisha, na kipa aliyetoka harudi tena kupiga.

Kuhusu mazoezi, tatizo tunaloliona kwenye timu nyingi za mkoani ni kufanya penalti kabla ya mazoezi, miguu ikiwa mibichi, na kila mtu akipiga kumi mfululizo. Hiyo haifanani na mechi hata kidogo. Fanyeni mwishoni, wakiwa wamechoka. Wapangeni kwenye duara la kati, mmoja mmoja atembee mwenyewe. Kwenye uwanja wa mita 105, kutoka ukingo wa duara mpaka alama ya penalti ni kama mita 32, na mwendo huo peke yake, macho yote yakimtazama, ndio unaovunja vijana. Apige moja tu, arudi. Aweke mpira kwa mkono wake, arudi nyuma hatua zilezile kila siku, asubiri filimbi, avute pumzi moja, ndipo aanze kukimbia. Anayekimbilia mpira filimbi inapolia tu mara nyingi anapiga alikoelekea kipa, kwa kuwa hajajipa nafasi ya kumtazama. Na kona achague akiwa bado kwenye duara. Anayeibadilisha njiani hupaisha.

Ni kweli kumalizia nyumbani ni faida, au ni maneno ya wachambuzi? (Msomaji, Nkuhungu)

Kwanza utaratibu. Kwenye robo fainali, aliyeongoza kundi hukutana na aliyeshika nafasi ya pili wa kundi jingine, na kinara ndiye anayemalizia nyumbani. Tuangalie basi robo fainali za Simba na Yanga kuanzia 2019 hadi 2025, mashindano yote mawili.

Zilizoanzia nyumbani kwa sababu timu yetu ilikuwa ya pili ni tano. Simba na TP Mazembe 2019 (0-0, kisha 1-4), Simba na Orlando Pirates 2022 (1-0 kila upande, penalti), Simba na Wydad 2023 (vilevile, penalti), halafu 2024 Simba na Al Ahly (0-1, kisha 0-2) na Yanga na Sundowns (suluhu mbili, penalti 3-2). Zote tano tulitoka. Zilizomaliziwa nyumbani ni tatu. Simba 2021 ilifungwa 4-0 na Kaizer Chiefs, ikarudisha tatu tu. Yanga 2023 iliifunga Rivers United 2-0 Nigeria na kutoka suluhu Dar. Simba 2025 ilifungwa 2-0 na Al Masry, ikalipa 2-0, ikashinda penalti 4-1. Mbili kati ya tatu tulipita.

Ushahidi unaonekana mzito, ila tusiuchukue mzima mzima. Aliye wa pili anakutana na kinara, na vinara wenyewe ndio akina Al Ahly, Wydad na Sundowns. Sehemu ya tofauti ni ubora wa mpinzani. Kinachotusumbua sisi zaidi ni kingine: katika mechi tano za kuanzia nyumbani, timu zetu ziliruhusu bao moja tu, lakini zilifunga mawili tu kwa jumla. Ulinzi ulifanya kazi yake. Ushindi wa 1-0 ndio ulioonekana unatosha, na mara mbili haukutosha.

Kwa hiyo mechi ya sita ya kundi, ile ambayo timu ikishafuzu mashabiki huiona ya kukamilisha ratiba, itazameni kwa jicho jingine kama nafasi ya kwanza bado iko wazi. Nusu fainali haina kinara. Nani aanzie nyumbani huamuliwa na droo.

Na kwa wanaodhani kufungwa nyumbani ni mwisho wa safari: mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers Dar es Salaam, ikaenda Zambia ikashinda 5-0.

Bao la Aziz Ki wa Yanga dhidi ya Sundowns kule Pretoria, 2024. Mpira uligonga mtambaa panya ukadunda ndani. Sote tuliona. VAR, waamuzi wa video, ilikuwepo. Kwa nini halikukubaliwa? (Msomaji, Kikuyu)

VAR si teknolojia ya mstari wa goli, hapo ndipo penye mkanganyiko. Teknolojia ya mstari ina kamera zake maalumu na inapeleka ishara kwenye saa ya mwamuzi. Haikuwepo. VAR inategemea kamera za matangazo, na kubadili uamuzi wa uwanjani kunahitaji picha isiyo na shaka.

Kipimo chenyewe ni kikali kuliko tunavyodhani. Mpira wote lazima uvuke mstari wote. Fanyeni jaribio: chora mstari wa chokaa wa sentimita 12, ambao ndio upana wa juu unaoruhusiwa, uweke mpira nyuma yake. Mpira una kipenyo cha sentimita 22 hivi, kwa hiyo sehemu inayogusa ardhi ni lazima iwe zaidi ya sentimita 11 nyuma ya ukingo wa ndani wa chokaa ndipo liwe goli. Ukisimama pembeni, mita kumi mbele ya mstari, utaona nyasi kati ya mpira na chokaa hata pale ambapo mpira bado unaning'inia juu ya mstari. Picha nyingi zilizosambazwa zilipigwa kwa pembe ya namna hiyo. Maoni yetu ni kwamba bao lile lilistahili marejeo marefu zaidi kwenye skrini ya pembeni. Kwamba liliingia, kwa picha zilizopo, hatuwezi kuapa.

Nina kibanda umiza. Mara mbili nimetangaza saa isiyo sahihi, watu wakadai hela zao. (Manyoni)

Ukiona muda umeandikwa kwa GMT, ongeza saa tatu. Afrika Kusini iko nyuma yetu kwa saa moja. Algeria na Tunisia saa mbili. Morocco pia saa mbili, lakini ndani ya Ramadhani ni tatu, kwa hiyo mechi ya saa 2 usiku Casablanca kwetu ni saa 4, na Ramadhani ni saa 5. Misri ndiyo yenye mtego: tangu 2023 wanasogeza saa mwishoni mwa Aprili, hivyo robo fainali ya mwanzoni mwa Aprili wako nyuma yetu kwa saa moja, na fainali ya Mei tuko sawa nao.

Tunataka kushuka Dar kwa SGR kuangalia robo fainali na kurudi usiku uleule. Inawezekana? (Kikundi cha mashabiki, Area C)

Kwenda hakuna shida, treni ya haraka ni kama saa tatu na nusu. Kurudi ndiko kwenye kazi. Mechi ya saa 3 usiku inaisha karibu saa 5, penalti zinaongeza robo saa au zaidi, na kutoka Temeke pamoja na umati wa watu 60,000 si jambo la dakika kumi. Kateni tiketi ya kurudi ya kesho yake asubuhi, mtafute pa kulala karibu na stesheni. Na msilipie chochote kabla uwanja haujathibitishwa: 2025 mechi za nyumbani za Simba za nusu fainali na fainali zilichezwa Amaan, Zanzibar, na waliokuwa wamejipanga kwa Dar walilazimika kuongeza boti ya takribani saa mbili na nauli yake.